Kiasi

Wakili Wekulo alivua miwani, akaniuliza:
"Umeandika chumvi kiasi. Kiasi ni gramu ngapi?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Mezani kwake pale Ngara, chini ya feni isiyozunguka,
mkataba ulikuwa na kurasa arobaini na moja
na pengo moja jeupe,
mahali pa mkono wangu.

Miaka tisa nilipika piza bila kupima.
Umoja, nyuma ya soko la Mutindwa,
kwa tanuri lililochomelewa Gikomba kutokana na pipa la mafuta,
mlango wake unafungwa kwa waya.
Wateja wa kwanza waliiita chapati ya jibini,
wakauliza kama inakuja na supu.
Unga ukiumuka, ulinijibu:
ukiubonyeza kwa kidole unarudi polepole,
kama mtoto anayeitwa kuoga na bado anataka kucheza.
Hilo nalo, wakili, nitaliandikaje?

"Anayenunua jina lako," akasema,
"hanunui kidole chako."

Basi nikanunua mizani.
Ile ya shairi nilifundishwa shuleni, nane kwa nane;
hii yangu ilitaka betri.
Siku tano nilikata madonge kwa jicho, kisha nikayapima
nione jicho lilikuwa linafanya nini muda wote huo.
Mia mbili thelathini na tisa. Mia mbili arobaini na moja.
Mia mbili na arobaini, mara sita mfululizo,
nikajiogopa.
Kisha mia mbili na sitini,
asubuhi ile mwenye nyumba alipopandisha kodi.
Kumbe wasiwasi una uzito:
gramu ishirini.

Muthike akachukua Kahawa Wendani kwa kiinua mgongo chake chote,
akanihesabia pesa kama anayeaga ndugu.
Alikishika kitabu changu kama katekisimu.
Akinipigia saa nne usiku:
"Dada Kerubo, ukurasa wa tisa unasema uyoga
baada ya jibini. Mteja anataka kabla.
Nifanyeje?"
Kila mwezi asilimia sita, tarehe tano, bila kukumbushwa.
Sijawahi kumwambia kwamba ukurasa wa tisa
niliuandika nikiwa na usingizi.

Amondi wa Donholm ndiye aliyetia omena.
Omena! Juu ya jina langu!
Nikaendesha gari hadi kule, kitabu kwapani, hotuba mdomoni.
Foleni ilikuwa imetoka nje, ikapita duka la dawa.
Nikala vipande vitatu wima, hotuba ikashuka navyo.
Toleo la pili, ukurasa wa kumi na saba:
omena wakavu, gramu sitini,
vichwa vitolewe.

Sasa ni maduka saba. Unga siugusi.
Nagusa simu, risiti, fomu za kaunti,
barua ya benki yenye neno "mpendwa" ambalo halinipendi.
Mikono imekuwa laini, mama yangu ameigundua,
akaigeuza kiganja juu, asiseme kitu.

Jumanne jioni niliingia tawi la Pipeline kama mtu tu.
Binti wa kaunta akauliza jina la agizo,
akaandika kwenye boksi: Kerubi.
Nikamwachia. Si kila siku mtu hupewa mabawa.

Nyuma ya kioo, kijana wa tanuri alipima donge.
Mia mbili na arobaini, sawasawa.
Akalibonyeza kwa kidole.
Akasubiri.
Akatazama juu, kwenye kamera niliyoinunua mimi,
akageuka kuipa mgongo,
na kwa vidole vitatu, haraka, kama mwizi,
akaongeza chumvi.

Nililipa bei kamili. Nikala garini, taa zimezimwa,
bodaboda za agizo zikinipita kulia na kushoto.

Chumvi ilikuwa imezidi.
Kesho nitampigia meneja.
Au kesho kutwa.